Ndoa ya Upande Mmoja

Kitanda changu kilitolewa chumbani asubuhi, kikawekwa uani, ilhali nikahi ilikuwa baada ya alasiri. Nadir, kaka yangu, alikuwa ameshahamishia humo vitu vya mkewe. Nikaambiwa nisinune, harusi ni furaha.

Kazi yangu ni hifadhidata za kampuni ya maghala. Mzigo ukitoka Horohoro kuja Tanga, kompyuta ya kule inaufuta na ya huku inauandika, kwa pamoja. Moja isipojibu, hakuna kilichofanyika, yote yanarudi kama yalivyokuwa. Hatusemi, "Itakuwa imekubali, tunaijua." Ukifanya hivyo mzigo unapotea, haupo kule wala huku.

Bwana harusi, Yaarub, mtoto wa ami Mselem, yuko Maskati. Aliombwa aweke wakili, akakataa. Atajibu mwenyewe kwa simu. Shehe akaridhia, mradi mashahidi waisikie sauti yake. Mimi nilishaulizwa, na nilishakubali kwa moyo mweupe.

Baba akaishika simu ya ami sebuleni, spika imefunguliwa. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

"Yaarub, nimekuozesha binti yangu Shahd kwa mahari tuliyokubaliana."

Kimya. Kisha simu ikakatika.

Mashangazi hawakungoja. Vigelegele! Sinia la halua likaanza kuzunguka.

"Mtandao tu huo," ami Mselem akasema. "Mwanangu namjua, kakubali. Na kimya ni ridhaa."

Nikatoka na ushungi wangu mbele ya wanaume wote. "Ami, kimya cha ridhaa ni cha bi harusi. Bwana harusi husema. Mpigie!"

"Msikieni! Bi harusi anapayuka!" ami akafoka.

"Napayuka! Huku nimeshatolewa, kule sijapokewa. Niwe wa nani? Ni pande zote mbili, ama hakuna kitu!"

"Kasema kweli," shehe akasema. "Bila kabuli, bwana harusi kutamka kwamba amekubali, hakuna ndoa. Mpigieni."

Ghafla ami akawa hana salio. Nikapiga kwa simu yangu, spika wazi. Yaarub akapokea mara moja.

"Mtandao umekukatikia?"

"Haukukatika. Nilikata mimi." Akashusha pumzi. "Nisamehe, Shahd. Nilitaka kukataa kwa sauti yangu, ulimi ukawa mzito. Baba nilimwambia tangu Ramadhani kwamba sitaki. Akanijibu ninyamaze tu, mengine atayamaliza yeye."

Sebule nzima ikamgeukia ami Mselem. Yeye alilitazama sinia la halua.

Alijua! Mzee ninayempa shikamoo kila siku alijua, na angeniacha nipande ndege kwenda kwa mtu asiyenitaka, huku mashangazi wakinipigia vigelegele. Sikulia, sikutaka wanione ninalia.

"Nadir," nikamwita kaka yangu. "Kitanda changu. Kirudishe kilipokuwa."

Nadir akamtazama mkewe, akamtazama ami, hakusogea.

Baba akavua joho lake, akatoka kwenda uani, akakishika kitanda upande mmoja. Nikakishika upande wa pili.