Makochi ya Watu

Fomu ya kwanza baba mtu aliijaza mwenyewe, ndiyo maana ilibidi ichapishwe ya pili. Kwenye nafasi ya kazi ya mzazi aliandika "Mkurugenzi." Kwenye kipato akaandika "Kinatosha, tunashukuru." Na pale walipouliza kama familia ina shida yoyote ambayo ofisi ingependa kuifahamu, aliandika kwa mwandiko wa kupendeza, kisha akaipigia mstari: "Hakuna."

Binti yake aliisoma akiwa amesimama, akairudia, akatafuta pa kukaa. Binti huyu tangu utotoni anaitwa Futi, kwa kuwa kabla hajajua kutembea alikuwa akitambaa karakana nzima ya baba yake huku akiburuta futi yake ya kupimia. Sasa alikuwa amemaliza shule na kufaulu vizuri mno, na chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi. Kilichobaki ni ada. Na ada yenyewe, hata wangeuza cherehani, mlango na kitasa chake, isingefika hata robo. Ofisi ya misaada ya masomo ikimkubalia, anakwenda. Ikimkatalia, anabaki nyumbani kukata sponji ya makochi mpaka azeeke nayo.

"Baba, hii ni fomu ya kuomba," alimwambia. "Anayeomba haandiki kinatosha."

"Kwa hiyo nikawatangazie watu nisiowajua kwamba nimeshindwa kumsomesha mwanangu?"

Futi alitaka kusema ndiyo, hivyo hasa ndivyo fomu inavyotaka. Alikwenda kuchapisha nyingine, akaijaza yeye kwa ukweli wote, akamletea sehemu ya sahihi tu. Baba yake alitia sahihi huku akiangalia dirishani, kama mtu anayechomwa sindano.

Tumpe haki yake huyu baba: hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa fundi makochi, na kwa makochi hakuna aliyemfikia mtaa ule wala wa pili yake. Alikuwa na mkono wa kuvuta kitambaa kikakaa bila kunyanzi hata moja, na vifungo vyake vya mgongoni vilikaa kwenye mstari ulionyooka kuliko barabara iliyopita mbele ya nyumba. Tatizo lake ni kwamba alikipenda mno alichokitengeneza. Kochi likishapendeza, hakuwa tayari kuliachia mpaka majirani wote wameliona. Alilihamishia sebuleni kwake, akafungua mlango wazi, akakaa juu yake jioni mguu juu ya mguu, na kila aliyepita aliitwa aje aguse. Mwenye mali akija kuulizia, jibu lilikuwa lile lile: njoo kesho, rangi ya miguu haijakauka. Wateja walikuwa wakitaniana kwamba hakuna rangi duniani inayochelewa kukauka kama ya fundi yule, wakambandika jina la Mzee Kesho. Aliposikia alicheka, akaona ni sifa.

Matokeo yake ni kwamba nyumba ile kila siku ilikuwa na makochi ya kifahari, na hakuna hata moja lililokuwa lao. Cha kwao kilikuwa meza, benchi moja na vigoda vilivyochongwa kwa mabaki ya mbao, ambavyo ukikalia kimojawapo ni lazima ukanyage sakafu kwa nguvu kisipinduke. Makochi ya watu yakiondoka, sebule ilibaki tupu hivi kwamba ukikohoa unajisikia mara mbili.

Siku ujumbe ulipoingia kwenye simu ya Futi kwamba ofisi ingemtuma afisa kukagua hali ya familia, bila kutaja siku, sebuleni kulikuwa na seti ya Mama Saluni. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kupita zote alizowahi kuzifanya fundi: mahameli ya kijani kibichi, vifungo vya rangi ya dhahabu, na mikono mipana ya kutosha mtu kulalia. Mama Saluni, mwenye saluni ya barabara kuu, alikuwa ameshailipia yote na ameshaambiwa njoo kesho mpaka amechoka. Futi alimsihi baba yake airudishe siku ile ile. Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba mkaguzi akiikuta seti ile hatasoma fomu tena. Baba alikubali kabisa. Akasema kesho asubuhi na mapema.

Mama yake Futi alikuwa upande wa binti, kwa maneno. Yeye ndiye aliyeshona foronya zote za mito ya seti ile na alijua fika kilichomo na kisichomo ndani ya nyumba. Lakini kusikia tu kwamba kuna mgeni anakuja, damu ya ukarimu ikamchemka. Kabla jua halijazama alikuwa ameazima kwa jirani vikombe vyenye visahani, sinia la kung'aa na kitambaa cha meza chenye maua. Futi alipolalamika, mama yake alimshangaa: mgeni aje aondoke akisema tumempokea kwenye kikombe cha bati? Mtoto wa watu akaona anapigana vita pande mbili, na pande zote ni wazazi wake.

Kesho ilifika, na aliyewahi asubuhi alikuwa afisa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, begani mkoba mzito, viatu bapa vilivyojaa vumbi la nyumba nyingine alizoanzia. Baba alimwona tangu barabarani, akatoka mbio kumlaki, na kabla Futi hajafunga mdomo wake mgeni alikuwa ameshakalishwa katikati ya mahameli ya kijani. Afisa akazama, akapumua kwa raha, akapapasa mkono wa kochi. Akasema ni makochi mazuri sana. Angejua amemwambia nani, asingesema.

"Haya ndiyo ya nyumbani," baba akajibu, akiwa amesimama wima. "Sisi tunapenda kukaa vizuri."

Futi alimtazama mama yake, na mama yake akalitazama sinia. Chai ikamiminwa kwenye vikombe vya jirani. Afisa akauliza maswali yake kwa upole na baba akayajibu moja baada ya jingine kwa furaha ya mtu anayehojiwa redioni. Kazi iko? Kazi imejaa. Wateja? Wengine anawakimbiza. Anakula mara ngapi kwa siku? Hilo baba alilicheka kwanza, kisha akasema yeye hahesabu.

Afisa aliweka kikombe chini. Akafungua faili, akaitazama fomu, akatazama sebule, kisha akamgeukia Futi na sio baba yake.

"Dada yangu, nikuambie ukweli," akasema. "Fomu inasema kitu kimoja na nyumba inasema kingine. Mimi kazi yangu ni kuandika ninachokiona. Nikiandika hiki, jina lako halipiti."

Futi akafungua mdomo. Maneno matatu tu yangetosha, si ya kwetu, na aliyakuta yameshafika ncha ya ulimi. Lakini ungeanzia wapi kumwambia mgeni, baba yako akiwa amesimama pale pale, kwamba baba yako anadanganya? Akayatazama makochi yale kwa chuki. Alikuwa ameyakatia sponji mwenyewe.

Hapo ndipo mkokoteni uliposimama nje, na Mama Saluni akajitokeza mlangoni amejifunga kitenge kiunoni kwa ajili ya ugomvi. Alipomwona mgeni mwenye faili, ugomvi akaurudisha ndani. Wanawake wengine wana adabu hata wakiwa na haki yao. Alisalimia wote, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia afya ya mtu:

"Fundi, ile kazi yangu, imekauka?"

Afisa hakuelewa, na wala hakuwa na haja ya kuelewa. Jibu baba alikuwa nalo, jibu alilolitoa maisha yake yote bila kufikiri. Angelitamka, Mama Saluni angeguna akaenda zake, chai ingeendelea, na heshima ya nyumba ingebaki imekaa pale pale kwenye mahameli. Mdomo wake ulishaanza kufunguka.

Akamwona binti yake. Futi hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama sakafu, mikono katikati ya magoti, na alikuwa analia taratibu, bila kujipangusa.

"Imekauka," baba akasema. "Imekauka siku nyingi, mama. Nisamehe."

Akamgeukia afisa. "Mgeni wetu, nakuomba usimame. Kochi hilo ni la huyu mama."

Afisa akasimama na kikombe mkononi. Baba hakusubiri mtu wa mkokoteni. Alilibeba la kwanza mwenyewe, akarudi akabeba la pili, mito akamwachia mkewe. La mwisho, lile refu, walilitoa wawili, yeye na mwenye mkokoteni, kwa kulilaza ubavu, na lilipopita mlangoni mwanga wa nje ukaingia sebuleni na kuonyesha kila kitu: benchi, vigoda, ukuta uliochubuka, kitambaa cha maua kikiwa peke yake kwenye meza kama kimepotea njia. Afisa alivuta kigoda. Mama yake Futi akamwahi, akamwambia akanyage kwa nguvu.

Baba alirudi akihema, akasimama mbele ya mgeni. Hakungoja kuulizwa.

"Siwezi kumsomesha," akasema. "Nimejaribu kupiga hesabu kila namna. Ningeweza, nisingekubali mtu mwingine alipe. Siwezi."

Wiki nzima Futi alikuwa ameomba neno hilo moja litoke kinywani mwa baba yake. Sasa lilikuwa limetoka, na yeye alitamani kuinuka alirudishe. Baba yake, mtu wa kujisifu tangu asubuhi mpaka usiku, alionekana mfupi kidogo bila makochi nyuma yake. Ilimuuma Futi kuliko alivyodhani kitu kinaweza kumuuma, na alimpenda kuliko siku zote. Afisa naye alikuwa ameinamia faili, akiandika polepole, na alipomaliza aliomba chai iongezwe.

Majibu yalikuja mvua zilipoanza. Msaada ulikuwa kamili, ada na malazi pamoja. Mama alicheka na kulia kwa zamu, akawarudishia majirani habari kama alivyowarudishia vikombe. Baba alisema tu kwamba alijua, akaingia karakana.

Siku moja kabla ya safari, Futi alikuwa uani akikunja nguo zake aliposikia baba yake akizungumza na mteja mpya, mwanamume aliyekuja kuagiza viti vya mkahawa. Sauti ilikuwa imerudi mahali pake. Mimi sikuomba chochote kwa mtu, fundi alikuwa akieleza. Ofisi yenyewe ilisikia sifa za binti, ikamtuma mtu wake aje kunibembeleza nikubali asomeshwe. Mteja, ambaye hakuonekana mjinga, akachungulia uani.

"Eti binti, ni kweli? Walikuja kukuombeni hapa hapa?"

Sindano ya baba ilikuwa imesimama ndani ya kitambaa. Hakugeuza kichwa.

"Walikuja mpaka sebuleni," Futi akasema. "Na baba ndiye aliyezungumza nao."

Baba akavuta uzi mpaka mwisho, akaendelea kushona.