Bango la Kisogo cha Punda

Bango lile lilikuwa wazo langu, na kwa wiki mbili nilijiona mtu mwenye akili sana. Nilikata kipande cha ubao, nikakipaka rangi ya njano, nikaandika kwa herufi nyekundu: TAHADHARI, MSAKO WA NGURWE MWITU UNAENDELEA. Nikakipigilia kwenye mwaloni pale juu ya Kisogo cha Punda, ule mteremko wa kokoto unaotoka vilimani kuelekea lagoni ya Orbetello, lile ziwa la chumvi la pwani ya Italia. Sababu yangu ilikuwa ya kitoto. Muda bora wa kuushuka mteremko ule ulikuwa wangu, dakika tatu na sekunde kumi na nane, na kila mwendesha baiskeli wa huku aliuona kwenye simu yake. Shemeji yangu Ughetta alikuwa amebakiza sekunde saba tu anipite. Nilitaka watu waogope, wapite kwingine.

Ughetta, mdogo wake mke wangu, hakudanganyika. Alilipiga picha akaituma kwa klabu yetu nzima ya baiskeli. "Shemeji," aliandika, "msimu wa kuwinda haujafunguliwa, na nguruwe wako umemdhulumu herufi moja." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu: anayefika pale analipiga bango kofi bila kusimama, anasema, "Shikamoo, mzee Loriano," yaani mimi, kisha anaachia breki. Msimu ukafunguliwa, bango likabaki, makofi yakaendelea. Mimi nilicheka nao. Nimevunja mtulinga mara mbili, na mbavu daktari aliacha kuzihesabu. Kuchekwa hakuniumi popote.

Jumamosi moja ya Novemba tulitoka wawili asubuhi, mimi na yeye, kufanya mzunguko wetu wa kawaida: tuta la lagoni, kuvuka reli, kupanda vilimani, kushuka Kisogo. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza usiku na ulikuwa ukiyakwangua maji. Flamingo walisimama wamejikunyata, vichwa ndani ya mbawa. Pale kwenye lango la maji wanakotegea mikunga, tairi langu la nyuma likapata pancha.

"Kaa na pancha yako, shemeji," Ughetta alisema, akinizunguka taratibu na baiskeli yake. "Leo naenda kuzichukua zile sekunde saba. Ukifika utanikuta nimeshazeeka."

"Nenda, miguu ya korongo. Na hiyo kofia ifunge vizuri, kichwa ndicho kitu chepesi kuliko vyote ulivyo navyo."

Akaondoka anacheka. Jezi yake ilipotelea kwenye matete mara moja, kwa sababu jezi za klabu yetu ni kahawia. Rangi niliichagua mimi, kwa kuwa haionyeshi matope.

Kuziba tundu kulinichukua dakika ishirini, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Ughetta hupanda kwa njia ya mbuzi, ndefu kuliko zote, nyuma ya mashamba ya mizabibu. Mimi sikuliamini tairi langu, nikachukua njia pana inayopita kwenye kinu cha mizeituni. Ndipo nikayaona magari.

Yalikuwa kumi na mawili, yamejaa tope, yamepangwa ukutani mwa kinu. Kila moja lilikuwa na tundu la mbwa nyuma, na kila tundu lilikuwa wazi, tupu.

Duilio, kiongozi wa kikosi cha wawindaji, alikuwa ameketi nyuma ya gari lake anakata mkate na soseji kwa kisu. Redio ya mawasiliano ilikuwa gotini, baragumu shingoni.

"Mzee Duilio, Jumamosi si mnakuwa ng'ambo ya barabara kuu?"

"Upepo umegeuka. Kule leo nguruwe wangetunusa mpaka soksi. Tumehamia huku."

"Baragumu la kuanza mmeshapiga?"

"Robo saa sasa. Mbona umepauka hivyo? Njoo ule."

"Mabango mmeweka?"

"Kila njia. Pale Kisogo tulikikuta kibao chako cha kitoto, tukakitoa, tukatundika letu pale pale." Akatafuna kidogo. "Asante kwa msumari."

Nilimwambia Ughetta yuko juu. Nilimwambia habari ya kofi na ya shikamoo, kwamba atadhani ni bango langu. Duilio hakucheka. Aliweka mkate chini, akainua redio, akawaita watu wake mmoja mmoja, wasipige risasi, kuna mtu njiani. Walikuwa kumi na mmoja vituoni. Tisa walijibu.

"Orfeo," akaita. "Ivo." Redio ikakoroma tu. "Hao wamezima. Mwaka jana redio ililia, nguruwe dume akageuka mbele yao akakimbia. Tangu siku hiyo wanatoa betri."

"Wako wapi?"

"Kisogo. Orfeo katikati, Ivo chini kwenye kona."

Alisimama, akapiga baragumu mara tatu, mlio wa kumaliza msako. Upepo ukaubeba wote kwenda baharini. Juu kule mbwa waliendelea kubweka, na sauti zao zilikuwa zinashuka kuelekea Kisogo.

Sijawahi kupanda kilima kile vile, hata nilipokuwa kijana nikilipwa kuendesha baiskeli. Mdomo ulijaa ladha ya chuma. Kwenye mwaloni nililikuta bango jingine la njano, lililonyooka, herufi zote zipo. Nikalipiga bango kiganja. Lilikuwa bati. Katikati yake kulikuwa na alama ya glovu yenye tope, vidole vitano, tope bado bichi.

Nikaachia breki, nikaanza kupiga kelele. Nilimwita jina, nikamwita Orfeo, nikatukana, nikapiga filimbi. Kokoto zilikuwa zinarukia vichakani, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi zinavyolia chini ya tairi: kama kwato, kwato za mnyama mzito anayekimbia mteremkoni.

Mlio wa bunduki ukaja. Mmoja tu.

Baada ya hapo sikuita tena. Niliogopa kuita nisijibiwe.

Niliwakuta kwenye kona ya pili. Baiskeli ilikuwa mtaroni, gurudumu la mbele limepinda. Orfeo, mstaafu wa reli, mtu aliyenikatia tiketi tangu nikiwa shule, alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, bunduki imefunguliwa, risasi ziko chini. Alikuwa anamfunga Ughetta goti kwa skafu yake. Ughetta alikuwa ameketi, macho makavu. Goti lilikuwa limechanika kwenye kokoto. Nyuma ya alipokuwa, kwenye gome la mwaloni, kwa kimo cha kifua, kulikuwa na tundu jeupe la risasi.

"Nilisikia nguruwe wanashuka," Orfeo alisema, haniangalii. "Nikasema ni wawili, labda watatu. Nikaona kahawia. Nilikuwa nimeshafumba jicho kulenga, Loriano. Nimeshafumba jicho kabisa."

Nilipiga magoti. "Shemeji."

"Bango lililia bati," Ughetta alisema. "La kwako ni ubao. Nilisikia kabisa kwamba si lenyewe. Lakini nilikuwa nimeshaachia breki, na nilizitaka zile sekunde."

Nilinyoosha mkono nimwinue, akautazama, akamshika Orfeo.

Simu haina mtandao kwenye bonde lile. Kurudi juu ni nusu saa ya mwinuko, na mbwa walikuwa wanakuja kutoka huko, wakisukuma mbele yao chochote walichokiamsha. Gari la wagonjwa lingefika chini tu, barabarani. Orfeo alivua fulana yake ya rangi ya chungwa, akamvalisha Ughetta taratibu kama anamvalisha mtoto.

"Chini yuko Ivo," alisema. "Redio amezima. Na macho yake, mnajua, mwezi ujao anafanyiwa upasuaji."

Ughetta aliifunga fulana kifuani.

"Fulana ni moja," Ughetta alisema. "Orfeo atanishika mimi." Ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe tangulia."

Niliitazama jezi yangu ya kahawia. Nikatangulia.

Baada ya hatua thelathini hivi nilianza kuimba, wimbo wa kipuuzi tunaouimba tukilewa, na sauti ilitoka nyembamba. Kona ya Ivo ilikuwa mbele, nyuma ya kichaka kirefu. Huko juu yetu mbwa waliacha kubweka, wote kwa pamoja, na kitu kizito kikaanza kuvunja matawi upande wa kushoto, sambamba nasi, kikishuka.

"Kwa nguvu zaidi, shemeji," Ughetta alisema nyuma yangu. "Sikika kama mtu."