Ukurasa wa Baba

Wageni walipoagiza chai nyingine, fundi cherehani alikuwa bado anasugua masufuria ya mchana. Sikukuu ilipaswa kuwa imekwisha zamani, lakini haikwisha. Maduka hayakufunguliwa, redio ziliendelea kutoa salamu za heri, na wifi yake, aliyekuja kushinda tu, alikuwa sebuleni kanyoosha miguu juu ya meza.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Binti mdogo wa fundi, waliyemwita Kifungo, alikuwa na kitabu cha picha cha familia ya bata wanaosherehekea sikukuu. Kila jioni mama alimsomea: bata wanapamba nyumba, bata wanapokea wageni, bata wanakula. Ukurasa wa mwisho, ambapo wageni wanaaga na bata wanarudi kazini, baba aliahidi kuusoma mwenyewe. Mpaka ausome, sikukuu haiendi popote.

"Huu ni wa baba," Kifungo alisema, akaufunika kwa kiganja.

"Kesho, mwanangu," baba alijibu kutoka kwenye kochi, macho kwenye simu. "Baba amechoka."

Amechoka na nini, hakuna aliyeuliza.

Fundi aliwahi kuusoma peke yake jikoni, mkono mmoja ndani ya povu. Alisoma neno kwa neno, hata nukta hakuiruka. Alipochungulia sebuleni, mama mkwe alikuwa anauliza kama keki bado ipo. Ilimuudhi fundi mpaka akachoka kuudhika. Kibandani kwake sare za shule zilimngoja, hazijatiwa hata mikono, na kufuli halikukubali ufunguo, maana ilikuwa sikukuu.

Siku moja afisa wa mtaa alikuja, viatu vinang'aa. Alimsalimia baba kwa adabu zote, akampita, akaingia jikoni.

"Mama, hali ni mbaya. Taka hazizolewi. Huwezi kumbembeleza mzee asome?"

"Si huyo hapo sebuleni? Mbembeleze wewe."

"Aa, nisimsumbue. Anapumzika," alisema afisa, akachukua kipande cha keki, akaenda zake.

Kilichomwinua baba ni mpira. Fainali aliyoisubiri mwaka mzima haingechezwa mpaka sikukuu ipite. Alipong'amua hilo alimwita Kifungo, akampakata, akausoma ukurasa mbiombio bila kuweka simu chini. Papo hapo wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Redio ikarudi kwenye habari, na gari la taka likasikika kwenye kona.

Majirani walimiminika kumpa baba mkono. Afisa wa mtaa alisema wanaume wanaosomea watoto wao siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

"Watoto wanahitaji muda wetu," baba aliwaeleza.

Wifi, mkoba begani, alimshika fundi mkono mlangoni. "Wifi yangu, umebahatika. Kaka yangu anajitolea kweli."

Fundi alitamani kumpiga na mwiko. Alimfungia keki iliyobaki, akamtakia safari njema, akarudi kukusanya vikombe. Kifungo alimfuata baba yake kwenye kochi na kitabu kingine, kinene kuliko kile cha bata. Mpira ulikuwa umeshaanza.

"Mpelekee mama," alisema baba. "Mimi nimeshasoma."