Kaseti ya Saba

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 10 Machi 1979, kinasa sauti kilikuwa juu ya kiti karibu na jeneza la Theuri, kitufe chekundu kimebonyezwa. Rashid alikiona alipoingia uani, akapita, akaketi na wanaume. Kunasa mazishi lilikuwa jambo la kawaida kijijini Gakindu. Mathenge, mdogo wa marehemu, alikuwa masomoni India, na kaseti ndiyo ingemfikishia maneno ya siku hiyo.

Alipoitwa aseme neno, Rashid alisimama. Alisema yeye ni mshonaji wa Majengo, Nyeri, na kwa miaka sita ukuta mmoja wa mbao ulitenganisha kibanda chake na cha Theuri, fundi wa redio. Alisema marehemu alikuwa akitunga muziki. Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa na habari hiyo.

Muziki wenyewe haukuwa na gitaa wala mwimbaji. Theuri alichukua mlio wa chombo chake cha kupimia redio, mikwaruzo ya masafa mafupi, na mngurumo wa mashine ya kumenya kahawa ya hapo Gakindu. Akavinasa, akakata utepe kwa wembe, akaunganisha vipande, akanasa tena. Hakuna kampuni iliyoutaka. Siku ya kwanza Rashid alimpigia kelele kupitia ukutani.

"We Theuri! Hiyo redio inaumwa na tumbo?"

"Ni muziki, bwana."

"Muziki? Basi cherehani yangu ni bendi nzima."

"Nyamazisha bendi yako basi, usikize yangu mpaka mwisho. Ni dakika thelathini tu."

Rashid alisikiliza. Kwenye dakika ya ishirini alitambua kwamba milio miwili iliyoanza mbalimbali ilikuwa imesogeleana kidogo kidogo, hata mbao za ukuta zikatetema. Pamoja na hiyo zilikuja kaseti sita. Hakuwahi kusema anaupenda muziki huo. Alisimamisha cherehani, basi, na Theuri hakuwa na msikilizaji mwingine.

Ya saba aliimaliza nyumbani kwa mama yake mwezi wa Februari, tayari anakohoa. Jumapili tarehe 4 Machi, akiwa kitandani hospitalini, alimshika Rashid mkono.

"Iko Gakindu, kwa kabati ya mama. Sijatoa nakala. Enda uvunje zile plastiki mbili za nyuma, mtu asirekodi juu yake."

"Kesho naenda."

"Na uisikize."

Kesho yake zilikuwapo kanzu kumi na nane za kwaya, za Pasaka, na mwalimu wa kwaya amesimama mlangoni. Jumanne zilibaki kanzu saba. Jumatano alfajiri Theuri alikufa kwa homa ya mapafu.

Kaburi lilipofukiwa na watu wakamaliza kula, Rashid alimwendea Simeon, kaka mkubwa wa marehemu, akamuuliza habari za kaseti iliyokuwa kabatini.

"Si ndiyo hii tumerekodia!" Simeon aliitoa kwenye kinasa. "Mungu alisaidia, maana madukani hakuna. Ati nikaijaribu kwanza, nisiharibu kitu ya mtu. Tupu. Inanguruma tu, kama mashine ya posho."

"Uliijaribu muda gani?"

"Kama dakika mbili hivi. Kwani ilikuwa na kitu?"

Rashid aliigeuza. Vile vijipande viwili vya plastiki vilikuwa mahali pake, vizima.

"Naomba tuisikilize," alisema.

Waliketi ndani pamoja na Mama Watiri, mzazi wa marehemu. Simeon aliurudisha utepe mwanzo. Yakaja maombi, kisha kwaya, kisha Simeon akisoma maisha ya ndugu yake. Kila kipindi kilikatika ghafla, kwa kuwa alikuwa akizima ili kuokoa betri. Kwenye dakika ya kumi na nne ikatoka sauti ya Rashid: marehemu alikuwa akitunga muziki. Rashid alitazama saa yake ya mkononi. Alikuwa amesema kwa dakika moja na nusu. Kiasi hicho cha muziki alikuwa amekifuta yeye, kwa kinywa chake.

Ukasikika udongo ukianguka juu ya mbao. Dakika ya ishirini na sita kinasa kililia klik, na mazishi yakaisha.

Ukaanza mlio, wa chini, umenyooka. Mwingine ukaingia kando yake.

"Unaona?" Simeon alisema. "Ndiyo hiyo nguruma." Akanyoosha mkono azime.

"Bado, kaka."

"Imeharibika, baba," Mama Watiri alisema. "Zima. Utepe utakatika, na Mathenge bado hajatumiwa."

"Haijaharibika, mama. Huyo ni Theuri."

Mama Watiri alimtazama, kisha akakitazama kinasa. Alimshika Simeon mkono, akaurudisha chini.

Milio ilikuwa karibu sana. Chini yake mashine ya kahawa ilizunguka, polepole kuliko kawaida. Kilichokuwa kabla ya hapo, dakika ishirini na sita, hakuna mtu aliyekuwa amekisikia chote isipokuwa aliyezikwa.

Mabaki hayo yalidumu dakika tatu na sekunde hamsini. Kisha kitufe kikaruka juu chenyewe.

Rashid alitoa mkasi mfukoni, akavunja vile vijipande viwili, akamrudishia Mama Watiri kaseti.