Unga wa Sikio la Kushoto

Saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya sitini na tatu ilipokatika, unga mweupe ulianza kumwagika kutoka sikio la kushoto la Shangazi. Ulishuka taratibu begani, ukatua kwenye kibodi, ukafunika herufi tatu. Shangazi alipuliza kibodi, akakung'uta bega, akapokea simu ya sitini na nne. Mteja alikuwa hana maji kwa siku ya tisa na alitaka kujua yeye Shangazi ni mtu wa aina gani.

Ofisi nzima ilimwita Shangazi, hata msimamizi aliyemzidi umri. Kitengo cha malalamiko cha shirika la maji kilikuwa na viti ishirini na vinne, hedifoni kwa kila kiti, na sekunde tatu kati ya simu na simu. Zamani sekunde hizo zilikuwa ishirini. Zilipunguzwa kwa waraka wa mistari miwili, na aliyeuandika simu zake hupokelewa na mtu mwingine.

Kufikia mapumziko ya mchana unga ulikuwa umejaza kisahani cha chai. Shangazi alikipeleka kwa daktari wa shirika, akakiweka mezani.

Daktari alionja kwa ncha ya ulimi.

"Kalsiamu," alisema. "Imetoka kwenye seli za neva. Kila ujumbe ukipita, vijilango vya seli vinafunguka, kalsiamu inaingia. Bila hiyo ujumbe haufiki kokote. Ila ikishafanya kazi yake lazima iondoke. Kuna pampu za kuisukuma nje, na nyingine inawekwa kwenye ghala za ndani. Ikibaki imejazana, seli inakufa."

"Hizo pampu zinataka nini?"

"Nguvu. Na nafasi ya kuhema kabla ujumbe mwingine haujaingia."

"Sekunde tatu zinatosha?"

Daktari aliutazama mlango kwanza. "Hazitoshi. Ila pampu zako zina kichwa kigumu, Shangazi. Zimebanwa, zikaamua kumwaga mpaka nje. Shukuru."

Shangazi hakushukuru mtu. Alikuwa anamfikiria Cheko, binti wa kiti cha pili, ambaye yeye Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi. Unga wa Cheko haukumwagika. Jumatatu vidole vyake vya mkono wa kulia vilikakamaa, vikawa vyeupe kama chaki. Jumatano weupe ulipita kiwiko. Leo Ijumaa ulikuwa shingoni. Maneno yaliyombakia yalikuwa mawili, "ndiyo" na "samahani", na kwa hayo alipokea simu nyingi kuliko wote. Asubuhi msimamizi alikuwa amemsifu mbele ya wenzake kwa kutopoteza muda.

Shangazi alirudi amefura kwa hasira, kisahani kitupu mkononi. Alimvua Cheko hedifoni, akakiinamisha kile kichwa kizito upande wa kushoto, akakinga kisahani.

Simu ya Cheko iliita. Ya Shangazi pia.

"Shangazi, vipi tena?" msimamizi aliuliza. "Wateja wanasubiri."

"Wasubiri."

"Nitakuandikia onyo."

"Andika. Kalamu si unayo? Na uandike vizuri jina langu, maana hamlijui."

Msimamizi alikwenda kulitafuta kwenye faili. Dakika ya kwanza haikutoka kitu, wala ya tano. Shangazi aliogopa, akazidi kukikumbatia kile kichwa. Dakika ya kumi na moja unga ulianza kushuka, mwembamba, kisha kwa kishindo, ukafurika kisahani na kumwagika sakafuni.

"Shangazi," Cheko alisema, "shingo inaniuma."

"Iache iume, mwanangu."

Shingo ilirudi, na bega. Mkono haukurudi. Uko vilevile mpaka leo, mweupe, na Cheko ameshazoea kuandika kwa kushoto.

Jumatatu iliyofuata waraka ulibandikwa ukutani. Wafanyakazi wanaotoa unga waje na vyombo vyao, wautoe baada ya saa za kazi, na wafagie. Sekunde zilibaki tatu.

Shangazi aliusoma wote, akaketi, akaiweka hedifoni mezani na kuinamisha kichwa. Cheko naye akaiweka yake. Nyuma yao hedifoni nyingine ziliwekwa mezani moja moja, bila haraka, mpaka safu ya mwisho karibu na dirisha. Simu ziliita zote kwa pamoja. Msimamizi alisimama katikati ya chumba, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika tatu na hakuna aliyepokea, akaanza tena moja.