Shati la Mjapani

Ukutani kwa Mutuma, ghorofani kule Weston, ughaibuni, palikuwa na picha ya enzi zile ambapo picha zilipakwa rangi kwa mkono. Mjapani amegeuza mgongo, joka jekundu limemzunguka toka shingoni hadi kiunoni, mawimbi yamejaa mikononi mpaka viwikoni. Nyanya yake, Gakii, alimtazama kila asubuhi akinywa chai.

"Huyu alikuwa na fundi! Shati halina hata mkunjo."

Mutuma akakohoa tu, akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

Basi siku ya kwenda kumposa Chelagat ilipokaribia, Gakii akaipiga ile picha kwa simu, akamtumia Wajiha, fundi cherehani wa Rexdale. Kitambaa cha rangi ya ngozi kikachapishwa joka, kikashonwa shati la kubana. Mutuma alipolivaa jasho lilimtoka. Gakii akadhani ni mapenzi.

Mzee Zachariah, baba yake Chelagat, alishatangaza kanisani kwamba mwenye tatuu, hiyo michoro ya wino ngozini, hamwoi binti yake. Siku ya posa, alipowafungulia mlango wake pale Dixon, alirudi nyuma hatua nzima.

"Mmeniletea kijana kifua wazi! Tena kachorwa kama ukuta wa kinyozi!"

"Ni shati, Baba Chelagat," Gakii akasema kwa upole. "Mutuma, vua Mzee aone."

"Nyanya, tafadhali..."

"Vua, mjukuu wangu. Mke anakuponyoka hivi hivi unamwona."

Mutuma akafumba macho, akavua. Mzee akamzunguka polepole mpaka mgongoni. Joka lilikuwa pale pale, jekundu, limekodoa macho.

"Kumbe amevaa mawili!" Mzee akacheka, roho imetulia. "Vua na hili la ndani, humu kuna joto." Akalishika penye ukosi, akavuta.

"Uuwi!" Mutuma akapiga yowe.

Gakii akaduwaa. Mgongo huo aliuosha yeye mwenyewe kwenye karai Mutuma akiwa mtoto, haukuwa na hata kovu. Akamgeukia Mzee.

"Limembana, Mzee. Alilitia kwenye mashine ya kukausha."

"Woi!" Zachariah akaachia mara moja. "Mashine hizo! Sweta langu la sufu sasa linamtosha mwanasesere. Pole sana, kijana wangu. Keti ule."

Posa ikapokelewa. Kwenye lifti, Gakii akalifinya lile joka kwa kucha.

"Hili linavuliwa lini?"

"Halivuliki, Nyanya."

"Basi usiende kuogelea na mkweo."

Siku ya harusi, Mzee Zachariah alimkabidhi mkwewe zawadi mbele ya watu wote: fulana nyeupe, pana kama hema, na kamba ya kuanikia nguo.