Mji Usio na Porojo

Fundi saa alikuwa na mji wake, na mji wenyewe ulikuwa kichwani. Miaka mingi aliujenga kwa mashairi, lenzi imembana jichoni na matumbo ya saa za watu yametapakaa mezani. Baada ya swala ya alasiri wanafunzi walijazana kibandani kumsikiliza, maana mzee alikuwa mwanafalsafa haswa, si wa kubabaisha. Katika mji huo hakimu hapokei hongo, tajiri halali mpaka ahakikishe jirani amekula, na kila mtu ameshika nafasi yake kama gurudumu ndani ya saa. Mji mzuri, nani akatae? Shida ilianza alipofika kwenye ubeti wa ndimi.

Kila ubeti mpya alimsomea mkewe kwanza. Na mkewe, jamani, mtaa mzima ulimwita Redio. Mwenyewe alijua na wala hakununa. Sasa ubeti huu ulipiga marufuku porojo zote: mkazi wa mji mwema hafungui kinywa ila kwa dhikri, elimu au kazi. Redio akaacha kukunja nguo. Alisema umbea wa kuchafua watu hata yeye haupendi, lakini kujuliana hali je? Mzee akamjibu, kwa ule upole wa mtu anayejiona amepatia, kwamba kila mmoja akitimiza wajibu wake hakuna haja ya kuulizana.

"Haya," mkewe akasema. "Mimi nahamia huko leo."

Akahama kweli. Nguo akaanika bila kusimama na mtu, dukani akaenda na kurudi kimya, na mezani ikawa bismillahi na alhamdulillahi, basi. Tusidanganyane, mwanzoni mzee alistarehe, beti zikamwagika. Baadaye nyumba ikampwaya. Alitamani kumwambia mkewe yaishe, ila kiburi kikamkaba.

Rafiki yake wa tangu utotoni, seremala, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mlango wake ulikuwa umefungwa kila mara mzee alipopita kwenda msikitini, naye akajiambia kwamba mwenzake yuko kwenye wajibu wake. Ijumaa imamu akaomba dua kwa wagonjwa, akamtaja seremala: amepigwa na kiharusi, kauli imemkatika, wiki ya pili hii. Fundi saa alizisikia habari za rafiki yake pamoja na wapita njia. Aliona aibu mpaka akatafuta viatu vyake asivione, na vilikuwa mbele yake.

Akampitia mkewe, wakaenda. Redio alilia njia nzima, kwa sababu katika kususa kwake na yeye hakusikia lolote.

Dada wa seremala, aliyekuja kumuuguza, aliwafungulia. Mgonjwa ameegemezwa mito, upande mmoja wa uso umelegea. Fundi saa akamshika mkono, akaanza kumsomea beti zake za subira. Zilikuwa beti nzuri ajabu, na seremala akageukia ukutani. Mzee akakwama katikati.

"Mwambie kitu," akamnong'oneza mkewe.

"Kitu gani? Dhikri, elimu au kazi?"

"Chochote. Nakuomba, mke wangu."

Redio akapangusa machozi, akavuta kigoda, na hapo tena breki hakuna. Alimweleza seremala kwamba rafiki yake huyu, bingwa wa hekima, juzi alitia chumvi kwenye chai kwa sababu aliona tabu kuuliza sukari iko wapi. Na je, aliimwaga? Thubutu! Aliinywa yote, macho yamemtoka, akajifuta na midomo kama mtu aliyekula asali.

Fundi saa hakujua kwamba siku ile mkewe alimwona. Seremala akageuka taratibu. Ule upande wa mdomo uliobaki mzima ukapanda, kifua kikatikisika, ikatoka sauti nzito ambayo dada yake hakuwa ameisikia tangu afike. Alikuwa anacheka. Redio akamfuta mate kwa upindo wa mtandio wake, hivyo hivyo akiongea, na mzee akamtazama mkewe akampenda upya.

Seremala akanyoosha mkono mzima, akamvuta rafiki yake kanzu akae. Fundi saa akaketi sakafuni, karibu na miguu ya mkewe, akamwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia tangu amuoe.

"Ehe? Halafu ikawaje?"